Hapa hatulali, tunasinzia

Na Mwandishi Wetu, Aomori

Bango limebandikwa kwenye mlango wa choo, mahali ambapo hakuna msafiri atakayedai hakuliona. Lina mchoro wa hema uliokatwa kwa mstari mwekundu, mchoro wa jiko la gesi uliokatwa vilevile, na chini yake maandishi ambayo mwenyeji wangu alinitafsiria huku mswaki uko mdomoni: wageni wanaombwa wasigeuze maegesho haya kuwa malazi.

Nikageuka kutazama uwanja. Ilikuwa saa tatu na nusu usiku, Agosti 3, kusini kidogo mwa jiji la Aomori. Nilihesabu magari 41. Karibu yote yalikuwa yameshusha mapazia, na ndani ya mojawapo mtu alikuwa akikoroma bila wasiwasi wowote.

"Na sisi je?" nikauliza.

"Kaka, hapa hatulali," alinijibu kwa Kiswahili alichokiokota Songea, alikofundisha hisabati miaka miwili kwa kujitolea. "Hapa tunasinzia."

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa ananisomea kanuni. Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani inasema vituo hivi vya barabarani si mahali pa kupanga usiku, lakini dereva aliyechoka ana ruhusa ya kusinzia, maana kituo kilijengwa kwa ajili ya mapumziko na usingizi kidogo huepusha ajali. Usingizi huo uwe wa saa ngapi, wizara haikusema. Basi tulisinzia mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Hiace iliyogeuka chumba

Gari lenyewe ni Hiace. Msomaji wa Mbagala au Kawangware hahitaji kuelezwa Hiace ni kitu gani. Amekaa ndani yake magoti yamegusa kidevu na kondakta amemwinamia. Hii yetu imeng'olewa viti vyote vya nyuma. Pamewekwa kitanda cha mbao chenye godoro la kukunja, sinki dogo linalopata maji kutoka kwenye dumu, kabati, feni mbili, na betri kubwa iliyofichwa uvunguni.

Usiku wa kwanza nilijikuta nikitafuta mlangoni yale maandishi ya Kijapani ambayo kwetu hubaki kwenye magari haya miaka nenda rudi, jina la chekechea fulani au dobi fulani, hakuna ajuaye. Hayakuwepo. Gari hili lilikuwa bado halijaondoka kwao.

Wajapani wanaosafiri namna hii wameongezeka sana. Chama cha wenye biashara ya magari ya kulala nchini humo, Japan RV Association, kilikadiria kuwa kufikia mwaka 2023 magari ya aina hiyo yalikuwa kama 155,000, zaidi ya mara mbili ya yaliyokuwepo mwaka 2005. Mengi si makubwa kama yetu. Yapo yaliyotengenezwa kwa vigari vidogo vya injini ya sisi 660, ambavyo sheria haiviruhusu kuzidi urefu wa mita 3.4. Nilichungulia kimoja kwa idhini ya wenyewe, mume na mke waliostaafu. Walilala humo kama vijiko viwili kwenye droo, na walikuwa na siku ya kumi na moja barabarani.

Wengi waliokuwa wamesinzia pale uwanjani walikuwa na safari moja: ngoma za kiangazi.

Wiki moja, miji mingi

Eneo la Tohoku, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, lina mikoa sita, na sherehe zake kubwa zimesongamana kwenye wiki ya kwanza ya Agosti kana kwamba zinagombea tarehe. Sansa Odori ya Morioka ni Agosti 1 hadi 4. Nebuta ya Aomori ni tarehe 2 hadi 7. Kanto ya Akita, 3 hadi 6. Hanagasa ya Yamagata, 5 hadi 7. Tanabata ya Sendai, 6 hadi 8. Hapo sijataja Hirosaki, wala Goshogawara, ambako sanamu za taa hufika urefu wa mita 23, na ambako manispaa ililazimika kufukia nyaya za umeme chini ya ardhi ili zipite.

Hoteli za miji hiyo hujaa mapema mno, na chumba kinachobaki hupanda bei mpaka aibu. Mwenye gari la kulala anaweza kutazama ngoma Morioka leo, kesho Aomori, keshokutwa Akita, bila kumpigia mtu simu. Ndivyo tulivyofanya.

Morioka tulipita kama upepo, ingawa haikustahili hivyo. Wenyeji husimulia kuwa hapo zamani jitu baya liliwasumbua, wakaiomba miungu ya mawe matatu makubwa ya mji iwasaidie. Jitu likakamatwa, likaapa halitarudi, likaweka alama ya kiganja chake kwenye jiwe kama mtu anayetia dole gumba kwenye hati. Watu wakacheza kuyazunguka mawe. Jina la mkoa, Iwate, lina maana ya mkono wa jiwe. Ngoma iliyotoka kwenye furaha hiyo huchezwa na maelfu ya watu waliofunga ngoma viunoni, na mwaka 2014 wapigaji 3,437 kwa pamoja waliingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Mtu husikia kishindo tumboni kabla hakijafika masikioni.

Kwa nini sherehe zote zirundikane Agosti? Kalenda ya mkulima inasaidia kueleza. Mpunga umesimama, mavuno yako mbele, joto ni kali na mwili unalegea. Zamani watu wa huku walikuwa na desturi ya kuutupa usingizi mtoni: walibeba taa na majani hadi kwenye maji, wakaviacha vichukuliwe pamoja na uvivu na maradhi ya kiangazi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba hapo ndipo lilipotoka hata jina la Nebuta, kutokana na neno la lahaja ya huko lenye maana ya kuwa na usingizi.

> Tulikuja kwa gari la kulala kwenye sherehe ya kuufukuza usingizi.

Mwenyeji wangu hakuliona hilo kuwa la kuchekesha kama nilivyoliona mimi. Alisema tu kwamba ndiyo maana wenye maegesho wanatununia.

Njuga za Aomori

Alasiri ya Agosti 4 nilisimama katika chumba kilichojaa mikeka, mikono nimeinyoosha kama mtoto anayepimwa nguo ya Idi, na mama mmoja wa makamo akanivisha. Kwanza vazi jepesi la pamba. Kisha kitambaa cha rangi kiunoni, kinachoonekana chini pindo la juu likipandishwa. Kisha mkanda mwekundu wa kukaza mikono, ukapita mgongoni ukafungwa fundo ambalo nilijaribu kulisoma lakini sikuliweza. Soksi zenye kidole gumba pekee, kandambili za majani zilizofungwa kamba ya ziada kifundoni ili zisichomoke. Kofia kubwa ya maua ya karatasi.

Mwisho akafungua kopo la bati na kutoa njuga. Alinibandika kumi kwa pini, kifuani, kiunoni, mgongoni. Kila alipobandika moja aliivuta kidogo kuhakikisha imeshika, lakini si sana. Nilimuuliza kwa ishara kwa nini asikaze. Mwenyeji wangu akatafsiri jibu: njuga ikidondoka njiani, atakayeiokota anapata bahati, sasa wewe unataka kuwanyima watu?

Hii ndiyo siri ya Nebuta. Sherehe hii, ambayo mwaka 1980 serikali iliiorodhesha kuwa urithi muhimu wa utamaduni wa watu, haina mlango wa mgeni na mlango wa mwenyeji. Ukivaa vazi la haneto, yaani mrukaji, unaingia barabarani nyuma ya sanamu na unaruka. Huhitaji fomu wala kadi, na hakuna anayekuuliza kwenu wapi. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aomori jembe unapewa siku ya kwanza, tena saa ileile unayoshuka garini.

Jua lilipozama, kama saa moja kasoro, ngoma kubwa zililia kwa mpigo mmoja na taa zikawaka mji mzima. Sanamu za Nebuta si za kubebwa kichwani. Kubwa zaidi zina upana wa mita 9, kimo cha mita 5 na uzito wa tani 4 hivi pamoja na gari lake la magurudumu. Zinatengenezwa kwa fremu ya waya iliyovikwa karatasi, ikachorwa kwa wino mweusi, ikapakwa nta na rangi, na ndani yake zikawekwa taa. Wakongwe wanakumbuka enzi za mianzi na mishumaa, na sanamu zilizoungua katikati ya barabara.

Ile tuliyoifuata ilikuwa shujaa mwenye macho kama sahani, akimkaba joka. Mbele yake alikwenda mzee mmoja mwembamba mwenye kipepeo cha kujipepea na filimbi. Akikishusha kipepeo, tani nne zinainama mbele ya watazamaji hadi watoto wanapiga mayowe. Akikizungusha, vijana walio chini ya sanamu wanaisukuma na shujaa anazunguka kwenye njia panda, joka na yote, akikosa nguzo ya taa kwa kiasi cha mkono mmoja. Sikuona redio wala kompyuta. Ni kipepeo na pumzi.

Nasi tukaruka. Mguu wa kulia mara mbili, wa kushoto mara mbili, sauti moja: rassera, rassera. Mtu wa Pwani angeona ni hatua rahisi. Baada ya dakika ishirini mapaja yanawaka moto, na njia nzima ni kama kilomita tatu. Msichana wa shule aliyekuwa kando yangu aliniona napunguza, akanikamata mkono na kunivuta kwenye duara lao bila kuuliza. Njuga moja ikaruka kifuani pangu, ikabingirika hadi ukingoni. Niliona mkono wa mtoto ukiichukua. Sikuuona uso wake.

Kunguru na walinzi

Mlango wazi una gharama zake. Katika miaka ya 1990 vijana waliovaa nguo nyeusi, wakaitwa kunguru, walianza kuvamia msafara kwa fujo, baruti na ngumi, wala hawakuvaa vazi la haneto. Mkoa ulitunga kanuni ya kuwadhibiti mwaka 2001 na polisi wakaongezwa. Mwaka huohuo, mwezi Julai, watu 11 walikufa kwa kukanyagana kwenye daraja la waendao kwa miguu huko Akashi, magharibi mwa Japani, walipokuwa wakitoka kutazama fataki. Wengi wao walikuwa watoto. Tangu hapo hakuna mwandaaji wa sherehe nchini humo anayeweza kusema ulinzi tutauangalia baadaye. Kila kona ya Aomori nilihesabu mlinzi mwenye kijiti cha taa nyekundu, na kila mlinzi analipwa.

Ni hapo hadithi ya ngoma inapogeuka kuwa hadithi ya fedha.

Kiti cha yeni milioni moja

Mwaka 2020 na 2021 Nebuta haikufanyika kwa sababu ya Uviko-19. Iliporudi, waandaaji walikuwa wamepungukiwa, na kila kitu, kuanzia karatasi hadi mshahara wa mlinzi, kilikuwa kimepanda bei. Njia waliyoichukua ilitikisa magazeti: mwaka 2023 waliuza jukwaa la kifahari la watu wanane, lenye vyakula vya mkoa, kwa yeni 1,000,000.

Hawakuwa peke yao. Mwaka huo Tokushima, kisiwani Shikoku, iliuza viti vya yeni 200,000 kwa ajili ya Awa Odori, ngoma yake ya katikati ya Agosti. Kyoto iliuza viti vya yeni 400,000 kwa maandamano ya Gion, sherehe iliyoanza mwaka 869 kama maombi ya kuondoa tauni. Mwaka 2024 kuhani mkuu wa hekalu la Yasaka, ambalo ndilo lenye sherehe ya Gion, alipinga hadharani pombe kutolewa kwenye viti hivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba msafara ule ni ibada, na asiyelijua hilo ameketi mahali pasipo pake.

Wanaouza viti wana hoja nzito. Tajiri mmoja anayelipa milioni huwalipia mamia wanaosimama bure pembezoni. Sanamu nyingi za Aomori huendeshwa kwa udhamini wa kampuni za umeme, reli na usafirishaji wa mizigo, na mfadhili wa leo anaweza kubadili nia kesho. Bila chanzo cha fedha kisichotegemea hisani, wanasema, siku moja sanamu zitabaki ghalani.

Wanaopinga hawasemi fedha ni haramu. Wanauliza barabara ni ya nani. Jukwaa likishajengwa, bibi aliyezoea kuweka mkeka wake mbele ya duka lake anahamishwa. Ratiba nayo huanza kupangwa kwa kumtazama aliyelipa.

Ningepewa nafasi ya kuamua, ningemruhusu tajiri akae. Hofu yangu huanza pale kiti kinapoanza kumwamrisha mchezaji, na hilo limeshatokea.

> "Barabara ni ya nani?" ndilo swali lililogawa Tokushima mwaka 2018.

Usiku ambao wachezaji walikataa

Kwa miaka mingi Awa Odori iliendeshwa na jumuiya ya utalii ya Tokushima pamoja na gazeti la mkoa. Kisha ikabainika kuwa jumuiya imelimbikiza deni la zaidi ya yeni milioni 400. Jiji likaishika mikoba. Kamati mpya, mwenyekiti akiwa meya, ikatazama mahesabu na kuona kasoro: watazamaji wote walikuwa wanang'ang'ania tiketi za uwanja mmoja, kwa sababu hapo ndipo usiku ulipofungwa kwa vikundi vyote kuungana na kucheza kwa pamoja, watu zaidi ya elfu moja kwa mpigo. Viwanja vingine vilibaki na viti vitupu.

Kamati ikafuta mchezo huo wa mwisho. Vikundi vigawanywe, tiketi zitauzika kote. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu safi.

Agosti 13, 2018, wachezaji walipita kando ya hesabu hiyo. Chama cha vikundi vyao kiliwapeleka kwenye barabara ya kawaida, nje ya viwanja vya tiketi, wakacheza mchezo wote kwa pamoja huku watu wakiwashangilia kutoka madirishani. Maofisa walifika kuwasihi waache. Hawakuacha. Hesabu ya waliohudhuria sherehe mwaka ule ilianguka vibaya, na mwaka 2019 mchezo wa pamoja ulirudishwa rasmi.

Nilimsimulia kisa hicho mama aliyenivisha njuga, nikidhani atashangaa. Hakushangaa. Aliuliza tu kama walikuwa wamevaa vizuri.

Joto, na nani atabeba

Usiku wa pili tulilipia mahali pa kulala, na sababu ilikuwa joto. Gari la bati lililokaa juani mchana kutwa halipoi upesi, na kuwasha injini usiku ili kiyoyozi kifanye kazi ni jambo linalokatazwa karibu kila maegesho, kwa kelele na moshi wake. Feni zetu mbili zilikuwa zinasukuma hewa ya uji. Magari mapya yana kiyoyozi kinachotumia betri. La kwetu halina.

Joto hilo linabadilisha kalenda ambazo hazikuguswa kwa vizazi. Huko Soma, mkoani Fukushima, sherehe ya wapanda farasi waliovaa deraya za kale ilikuwa ikifanyika mwishoni mwa Julai. Mwaka 2023 farasi 111 walipatwa na kiharusi cha joto na wawili wakafa. Mwaka uliofuata sherehe ikahamishiwa mwishoni mwa Mei. Waliokuwa wakisema mila haibadiliki walinyamaza mbele ya mizoga miwili.

Tatizo la watu ni zito kuliko la joto. Februari 2024 sherehe ya Somin ya hekalu la Kokuseki, mkoani Iwate, ambapo wanaume walio karibu uchi hugombea mfuko wenye vipande vya mbao vya hirizi, ilifanywa kwa mara ya mwisho baada ya zaidi ya miaka elfu. Fedha hazikuwa zimekwisha. Walikwisha watu: waliojua kuiandaa walikuwa wazee, na nyuma yao hapakuwa na mtu.

Akita, tulikofika Agosti 5, ndio mkoa wenye wazee wengi zaidi nchini kwa uwiano. Karibu watu wanne kati ya kumi wamevuka miaka 65. Na Akita ndiko kwenye mchezo ambao mzee hauwezi.

Kanto ni mwanzi mrefu wenye matawi ya mlalo, uliotundikwa taa za karatasi mfano wa shuke la mpunga lililokomaa. Mkubwa una kimo cha mita 12, uzito wa kilo 50 na taa 46, kila taa ina mshumaa wa kweli. Mtu mmoja anaunyanyua, anausimamisha kiganjani, anauhamishia begani, kwenye paji la uso, kisha nyongani, mikono ameitanua hewani. Mwenzake anaongeza kipande cha mwanzi chini, na kingine, mpaka ule mwanzi unapinda kama ndoano ya samaki na taa zinaning'inia juu ya vichwa vya watazamaji.

Mmoja uliangukia upande wetu. Kuna kamba zimetandazwa juu kuzuia, ukanasa hapo, na taa zikazimika zote mara moja, tukabaki na harufu ya nta. Hakuna aliyepiga kelele. Vijana wawili waliwasha mishumaa upya kwa utaratibu wa mtu anayewasha jiko la mkaa kwake, na mwanzi ukapanda tena.

Kwa desturi wanawake hawanyanyui mwanzi; wao ni wa filimbi na ngoma. Nilipouliza kama hilo litadumu wakati vijana wanapungua, mwenyeji wangu alikataa kutafsiri swali. Alisema nisubiri mpaka tuwe garini. Garini akasema Aomori palikuwa hivyohivyo: kutengeneza sanamu kulikuwa kazi ya wanaume hadi mwaka 2012, Kitamura Asako, binti wa fundi mashuhuri, alipotoa sanamu yake ya kwanza. Akaongeza kwamba swali kama hilo halifai kuulizwa na mtu aliyefika saa nne zilizopita. Nadhani ana haki.

Mbele yetu, mtoto wa miaka sita hivi alikuwa na mwanzi wake mdogo, ule wa kilo 5. Aliuweka kiganjani, ukayumba, baba yake akanyoosha mkono kisha akaurudisha mfukoni.

Nani analilipia bomba la choo

Turudi kwenye maegesho, kwa sababu huko nako watu wanavutana.

Vituo vya barabarani, michi no eki, vilianza rasmi mwaka 1993 kwa wazo zuri: kila barabara ya mikoani iwe na mahali penye choo kilicho wazi saa 24, maegesho ya bure, na duka la wakulima wa hapo. Sasa viko zaidi ya 1,200. Kwa vijiji vingi ndilo soko kuu. Nyanya unayonunua ina kibandiko chenye jina la aliyeilima.

Wasimamizi wanalalamika, na nimeyaona ya kuwafanya walalamike. Mtu ametandaza meza na viti nafasi tatu za magari. Mwingine ameosha sufuria kwenye sinki la choo. Mwingine ameacha mfuko mzima wa taka za nyumbani nyuma ya mashine ya vinywaji. Dereva wa lori, ambaye kweli anahitaji kusinzia, anazunguka uwanja mara mbili na kuondoka.

Wenye magari wanajibu kwamba wao ndio wageni wanaofika kwenye vijiji ambavyo treni imeviacha, na kwamba wananunua. Nilijifanyia hesabu. Usiku ule wa Agosti 3 tulitumia kituo kwa saa kama tisa: choo, maji ya kunawa, taa, usalama. Duka lilikuwa limefungwa tulipofika. Tulilipa yeni sifuri. Asubuhi, kwa aibu zaidi kuliko njaa, nilinunua tikiti maji ambalo halikuingia kwenye friji.

Ipo njia ya kati. Tangu mwaka 2012 Japan RV Association imekuwa ikithibitisha maegesho ya kulipia yenye umeme, choo na ruhusa ya kulala waziwazi, na baadhi ya vituo vya barabarani vimetenga pembe yao kwa mpango huo. Unalipa, unachomeka waya, unalala kama mtu mwenye haki. Huko ndiko tulikolala usiku wa pili, na nilikoroma bila wasiwasi.

Lakini nafasi za namna hiyo ni chache ukilinganisha na wiki ya Agosti ilivyo. Ndiyo maana magari 41 yalikuwa pale yakisinzia.

Mfuko wa taka

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla ya safari: Japani haina mapipa. Baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, mapipa ya hadharani yaliondolewa kwa wingi, na desturi ya kurudi na taka zako nyumbani ikazidi kushika. Kwenye vibanda vya sherehe wanakupa hindi la kuchoma lililopakwa mchuzi wa soya, tamu ajabu ingawa mimi nilikuwa naulizia ndimu na pilipili, na gunzi ni lako. Kijiti cha ngisi wa kuchoma ni chako. Kikombe cha barafu iliyokwanguliwa ni chako.

Tulibeba mfuko tangu Morioka. Ulipita Aomori, Akita, na Sendai, ambako tulitembea chini ya michirizi ya karatasi ya Tanabata iliyoning'inia hadi ikatugusa mabegani, mfuko umebaki garini unanuka kidogo.

Nyumbani kwake, mwenyeji wangu alitandika gazeti barazani na kumwaga vyote chini. Akaanza kugawa: vya kuungua huku, plastiki kule, makopo pale, chupa peke yake. Majirani hukagua, aliniambia, na mfuko uliochanganywa hurudishwa mlangoni.

Kati ya magunzi na karatasi ikabingirika njuga moja, ile ndogo ya bati, pini yake imepinda. Zangu zote tisa zilizobaki nilikuwa nimezirudisha kwa yule mama. Hii ilikuwa imedondoka kwa mtu mwingine na kuingia, sijui lini, kwenye mfuko wetu.

Aliishika juu ya rundo la makopo, akaiangalia, akaisogeza juu ya rundo la vya kuungua, akaiangalia tena. Kisha akaenda kwenye Hiace, akaitundika kwenye kioo cha ndani, akarudi kumalizia plastiki.